Mtendaji au Mkalimani? Suala la Uaminifu katika Istilahi za Kifaransa za Muziki

Utangulizi

Istilahi za fani yoyote ile hubeba, pamoja na maana zake za kawaida, msimamo fulani wa kimaadili ambao watumiaji wake huwa wameukubali bila ya kuuhoji. Lugha ya Kifaransa yatoa mfano bayana wa jambo hili katika uwanja wa muziki. Mpigaji wa piano anapoketi mbele ya ala yake na kuupiga utungo wa mtu mwingine, Mfaransa ana vitenzi viwili vya kukielezea kitendo hicho. Aweza kutumia kitenzi "exécuter", na aweza kutumia kitenzi "interpréter". Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Ukweli ni kwamba kila kimojawapo kinamweka mpigaji katika uhusiano tofauti na mtunzi, na hivyo kumtwisha wajibu tofauti.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali lililojificha nyuma ya vitenzi hivyo: mpigaji ana wajibu gani kwa maneno ambayo mtunzi ameyaandika juu ya nota zake? Je, ni mtu wa kutii, au ni mtu wa kufasiri? Hoja itakayotetewa ni kwamba alama za nota na maneno yanayoandamana nazo hazidai uaminifu wa aina moja. Alama hudai utii; neno hudai ufasiri. Aidha, itadaiwa kwamba uaminifu wa mpigaji hupimwa kwa ukali zaidi pale ambapo hakuna mtu yeyote awezaye kumkagua. Mifano itatolewa kwa watunzi wanne wa Kifaransa, yaani François Couperin, Maurice Ravel, Claude Debussy na Erik Satie, kwa kuwa wote wanne walilichukulia neno kuwa sehemu ya kazi zao, na si pambo la pembeni.

Utendaji na Ukalimani

Nomino "exécution" ina matumizi mapana katika Kifaransa. Amri hutekelezwa, wasia hutekelezwa, na hukumu ya kifo hutekelezwa. Kote huko neno ni hilo hilo. Linachokitilia mkazo ni kwamba uamuzi umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Mtekelezaji haongezi kitu wala hapunguzi. Thamani ya kazi yake yatokana na ukamilifu wake, na kosa lake kubwa ni kujitia katika maamuzi yasiyo yake.

Kwa upande mwingine, "interprète" ni mkalimani, mtu anayesimama baina ya watu wawili wasioelewana lugha. Neno hilo hilo hutumika kwa mwigizaji jukwaani na kwa mpigaji wa ala. Yafaa itambuliwe kwamba Kifaransa hakimwiti mpigaji "traducteur", ambaye ni mfasiri wa maandishi. Kimemchagulia jina la yule anayefasiri kwa mdomo, papo hapo, mbele ya wanaomsikiliza, asiye na nafasi ya kurudi nyuma na kusahihisha. Tofauti hii inalingana barabara na ile ambayo Kiswahili hukiweka baina ya mfasiri na mkalimani.

Haitakuwa sahihi, hata hivyo, kudhani kwamba "exécution" daima ilimaanisha utii wa kipofu. Jean-Jacques Rousseau, ambaye mbali na kuwa mwanafalsafa alikuwa mtunzi wa muziki, aliliingiza neno hilo katika kamusi yake ya muziki iliyotolewa kwa tarehe ya mwaka 1768. Anaeleza humo kwamba upigaji mzuri ni jambo adimu mno, kwa sababu roho ya muziki hutegemea zaidi ladha kuliko alama. Haitoshi, kwa maoni yake, kuzisoma nota kwa usahihi. Mpigaji sharti aingie katika mawazo ya mtunzi. Kwa hiyo hata pale ambapo neno lililotumika lilikuwa la kutekeleza, dai lenyewe lilikwisha kuvuka mipaka ya utekelezaji. Linalosalia ni kuonyesha mipaka hiyo ilikuwa wapi, na kwa jambo hili Couperin ni shahidi wa mapema na mwenye uzito.

Couperin: Alama na Neno

François Couperin (1668–1733) alichapisha mwaka 1716 kitabu cha mafunzo kiitwacho L'Art de toucher le clavecin. Jina lenyewe lafaa kuzingatiwa. "Toucher" ni kugusa, na "clavecin" ni kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa na vijiti vidogo pindi kidole kinapobonyeza. Katika ala hiyo, kubonyeza kwa nguvu au kwa upole hakubadilishi ukubwa wa sauti kwa kiasi kinachosikika. Na bado Couperin aliandika juu ya tungo zake maneno kama "tendrement", yaani kwa huba na upole, na "vivement", yaani kwa uchangamfu.

Hapa pana fumbo linalostahili kufumbuliwa. Ikiwa kidole hakiwezi kuipunguza sauti, neno "tendrement" lamwagiza mpigaji afanye nini hasa? Jibu ni kwamba halimwagizi afanye kitendo chochote mahususi. Linamtajia lengo na kumwachia njia. Huenda upole huo ukapatikana kwa kuichelewesha nota kidogo, au kwa kuiachia nota iungane na inayofuata, au kwa namna ya kulipiga pambo. Neno limenyamaza kuhusu hayo yote. Amri inayotaja lengo pasipo kutaja njia ni ya aina nyingine kabisa na amri inayotaja kitendo. Hii ya pili yaweza kutekelezwa. Ile ya kwanza haina budi kwanza ieleweke.

Couperin mwenyewe aliling'amua jambo hili. Katika kitabu hicho anakiri kwamba Wafaransa huandika muziki wao tofauti na wanavyoupiga. Nota zilizoandikwa kwa urefu ulio sawa, katika mazingira fulani, hupigwa moja ndefu na moja fupi; desturi hii wasomi huiita "notes inégales", yaani nota zisizolingana. Ndiyo sababu, asema, wageni hawaupigi vyema muziki wa Kifaransa, ilhali Wafaransa waupiga vyema muziki wa Kiitaliano, ambao huandikwa kama unavyopigwa. Kwa kuwa alama za kuwasilisha mawazo hayo hazikupatikana, watunzi walilazimika kuweka maneno machache mwanzoni mwa tungo ili kukaribia kile walichotaka kisikike. Kisha Couperin anatamani ajitokeze mtu wa kuwafasiri Wafaransa kwa manufaa ya wageni. Neno analolitumia ni la kufasiri hasa. Zaidi ya karne mbili kabla ya taaluma ya leo kulijadili suala hili, mtunzi alikwisha kukiri kwamba ukurasa wake ni matini inayohitaji mkalimani.

Lakini Couperin huyo huyo, katika dibaji ya juzuu yake ya tatu ya tungo za clavecin ya mwaka 1722, analalamika vikali kuhusu wapigaji wasioyafuata mapambo aliyoyaandika. Mapambo hayo huitwa "agréments", neno linalotokana na dhana ya kupendeza. Anasisitiza kwamba tungo zake zipigwe jinsi alivyozitia alama, bila ya kuongeza wala kupunguza. Msomaji wa haraka ataona ukinzani hapa: mtu yule yule anaomba kufasiriwa na wakati huo huo anadai kutiiwa.

Ukinzani huo watoweka pindi mambo mawili yanapotenganishwa. Kuhusu mapambo, Couperin alikuwa na alama. Alikuwa amekwisha kuchapisha jedwali la kuzieleza katika juzuu yake ya kwanza ya mwaka 1713. Mpigaji aliyelipuuza pambo hakuwa na udhuru, kwani aliambiwa waziwazi la kufanya. Kuhusu huba na uchangamfu, hakukuwa na alama, na kwa hiyo hapakuwa na kitendo cha kutiiwa. Palipo na alama, mtunzi amekwisha kuamua. Palipo na neno, mtunzi amekabidhi sehemu ya uamuzi. Anayeipuuza alama anapora, na anayelipuuza neno anaikimbia kazi aliyokabidhiwa. Yote mawili ni makosa, ingawa si kosa moja.

Couperin analikaribia wazo hili kwa istilahi nyingine mbili. Anapambanua "mesure" na "cadence". Ya kwanza inahusu idadi na usawa wa mapigo. Ya pili ni roho inayopaswa kuunganishwa nayo. Neno "mesure" lina maana ya kipimo na pia maana ya kiasi katika tabia, na halina tofauti kubwa na mizani ya washairi wa Kiswahili, ambayo huhesabu silabi za mshororo na bado ni jina la chombo cha haki. Mshairi aliyetimiza mizani hajawa mshairi kwa hilo pekee. Asiyeitimiza, katika utungo unaoidai, hawezi kujitetea kwamba alikuwa akiifuata roho.

Kaburi na Mkono wa Kushoto

Iwapo neno lamwachia mpigaji uamuzi, je, neno liko juu ya alama? Maurice Ravel (1875–1937) anatoa mifano miwili inayokataza hitimisho hilo.

Baina ya 1914 na 1917 Ravel alitunga mfululizo wa vipande sita vya piano na kuuita Le Tombeau de Couperin. "Tombeau" ni kaburi. Katika karne ya kumi na saba wanamuziki wa Kifaransa walilitumia neno hilo kwa utungo wa kumkumbuka marehemu, hususan mwanamuziki mwenzao. Ravel alimuenzi Couperin kwa jina la mfululizo, kisha akakitabarukia kila kipande watu wa karibu waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo, muziki wenyewe kwa sehemu kubwa si wa maombolezo. Kipande kiitwacho Rigaudon ni cha ngoma yenye bashasha, na Toccata inayofunga mfululizo ni ya kasi na nguvu.

Mpigaji anayelichukua neno "tombeau" kuwa amri ya huzuni, akaipunguza kasi ya Rigaudon ili ilie, atakuwa amelitumia neno kuipindua alama. Mkalimani wa namna hiyo amesikia sentensi moja na kuifuta nyingine. Kazi ngumu zaidi, na iliyo sahihi, ni kuviweka vyote viwili pamoja: ngoma ibaki ngoma, na kaburi libaki kaburi. Historia ya utungo huu inalitilia nguvu jambo hili. Aliyeupiga hadharani kwa mara ya kwanza, mwaka 1919, alikuwa Marguerite Long, na Toccata ilikuwa imetabarukiwa mumewe, Joseph de Marliave, aliyeuawa vitani mwaka 1914. Mjane huyo alikabidhiwa, kwa ajili ya mumewe, muziki usioruhusu vidole kupumzika. Si rahisi kumwita mtekelezaji tu. Na hakuhitaji kuibadilisha nota hata moja ili muziki huo uwe wake.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika vita hivyo hivyo, alimwagiza Ravel amtungie utungo wa mkono wa kushoto pamoja na okestra. Ravel aliukamilisha mwaka 1930. Wittgenstein aliupiga kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 5 Januari 1932 akiwa ameyabadilisha baadhi ya mambo yaliyoandikwa, na Ravel alipousikia upigaji wake baadaye alikasirika. Mzozo huu haupaswi kuamuliwa kwa pupa. Wittgenstein ndiye aliyelipa. Alikuwa na haki ya kuupiga peke yake kwa muda wa miaka kadhaa. Na pasipo hasara ya mkono wake utungo wenyewe haungekuwapo. Nani awezaye kusema kwamba hakuwa na sehemu ndani yake?

Pamoja na hayo, kilichobadilishwa kilikuwa ni nota, yaani mahali ambapo mtunzi alikuwa amekwisha kuamua. Malipo humpa mtu haki ya kuupata utungo na kuupiga. Hayampi haki ya kusema, kwa jina la mwingine, kile ambacho huyo mwingine hakukisema. Mkalimani wa mahakamani huapa kufasiri kwa ukweli. Anaruhusiwa kutafuta neno ambalo shahidi hakulitumia, kwa kuwa lugha hazifanani. Haruhusiwi kuongeza ushahidi, hata akiamini kwa moyo wake wote kwamba nyongeza hiyo ingeisaidia haki.

Amana Isiyokaguliwa

Yaweza kupingwa kwamba mpaka kati ya alama na neno si ukuta. Pingamizi hili lina uzito, na Debussy analithibitisha. Katika juzuu mbili za Préludes, za miaka ya 1910 na 1913, Claude Debussy (1862–1918) aliweka jina la kila utungo mwishoni mwa nota, ndani ya mabano, badala ya kuliweka juu yake. Mpigaji anayefuata ukurasa hukutana na muziki kwanza, na jina baadaye. Mojawapo ni La cathédrale engloutie, yaani kanisa kuu lililozama. Miaka michache baada ya kulichapisha juzuu la kwanza, Debussy aliupiga utungo huo mwenyewe kwa ajili ya karatasi za matundu zinazoendesha piano inayojipiga. Katika upigaji huo sehemu fulani zinakwenda takriban kwa kasi maradufu zikilinganishwa na nyingine, ilhali katika ukurasa uliochapishwa hakuna alama iliyo bayana ya kuamuru badiliko hilo. Kwa hiyo alama nazo zaweza kuwa pungufu, na hata mwenye nia ya kutii hulazimika kwanza kuelewa.

Lakini upungufu wa alama hauondoi tofauti iliyopendekezwa. Unaonyesha tu kwamba utii hautangulii ufahamu. Mpigaji anayeijaza nafasi iliyoachwa na alama kwa kumchunguza mtunzi hafanyi kosa la Wittgenstein. Analitimiza ombi la Couperin.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa neno halitaji kitendo, msikilizaji atajuaje kwamba limeheshimiwa? Na wajibu usioweza kukaguliwa ni wajibu kweli? Erik Satie (1866–1925) alilisukuma swali hili hadi ukingoni. Katika Gnossiennes, zilizotungwa takriban mwaka 1890, anamtaka mpigaji aufungue kichwa, na kwingineko aizike sauti. Hakuna kidole kinachoweza kuyatekeleza maagizo hayo. Katika kazi nyingine, Heures séculaires et instantanées ya mwaka 1914, aliandika kisa baina ya mistari ya nota kisha akakataza kisisomwe kwa sauti wakati wa upigaji. Msikilizaji hatakiwi kukijua. Neno limeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Wengi wameyachukua haya kuwa mzaha, na hapana shaka kwamba Satie alipenda mzaha. Hata hivyo, mzaha huu una maana ya kimaadili. Alama iliyopuuzwa humfichua mpigaji mbele ya kila ajuaye nota. Neno lililopuuzwa halimfichui mbele ya yeyote. Hadhira haitamshutumu, mhakiki hatamnukuu, na mtunzi amekufa. Kinachobaki ni amana, kwa maana ile ile ambayo Waswahili huipa kitu kilichowekwa kwa mtu pasipo shahidi. Utii uliofanywa kwa kuwa kuna mkaguzi waweza kuwa ni woga tu. Uaminifu katika neno lisilokaguliwa hauwezi kuwa na sababu nyingine isipokuwa uaminifu wenyewe. Kwa hiyo, badala ya kuonyesha kwamba wajibu huo haupo, kutokaguliwa kwake kunaonyesha mahali ambapo wajibu umesimama peke yake, bila ya tegemeo la aibu wala adhabu.

Upo mfano mdogo wa mambo haya mawili kukutana katika istilahi moja. Alama ya kimya cha urefu wa pigo moja Wafaransa huiita "soupir", yaani pumzi inayoshushwa kwa majonzi au uchovu. Urefu wake umepimwa, na mpigaji hana ruhusa ya kuurefusha kwa madai kwamba ana majonzi. Ila mpigaji anayehesabu pigo moja na kusubiri zamu yake ya kuendelea hajashusha pumzi yoyote.

Hitimisho

Mjadala huu una faida kwa uhakiki wa Kiswahili, hasa katika uwanja wa fasihi simulizi. Wahakiki wamezoea kuzungumzia "utendaji", na fanani mara nyingine huitwa "mtendaji". Neno hilo ni lile lile linalotumika katika vyeo kama vile katibu mtendaji, na katika masuala ya serikali hutaja mkono unaotekeleza yaliyoamuliwa na wengine. Yaani, pasipo kukusudia, Kiswahili kimechagua upande wa "exécution". Si lazima istilahi hiyo iachwe, kwani imekwisha kuzoeleka. Kinacholazimu ni mhakiki ajue kwamba inamwelekeza kumpima fanani kwa kigezo cha ukamilifu wa utekelezaji, na kumsahaulisha kigezo cha pili.

Fanani aliyepokea utenzi kutoka kwa mwingine naye amepokea mambo ya aina mbili. Vina na mizani vimekwisha kuamuliwa, na akivivunja atasikika. Kuhusu kile ambacho utenzi unataka kieleweke na wale walioketi mbele yake usiku huo, hakuna aliyemwamulia, wala hakuna atakayemwuliza. Mhakiki anayekipima cha kwanza peke yake amefanya kazi ya mkaguzi. Bado hajakigusa kile ambacho Couperin alikiombea mfasiri.